Pokea Simu, Espoir

Kwanza nilisikia vifungo. Nilikuwa nje ya mlango wa ukumbi wa vijana kule Skärholmen, pembeni mwa Stockholm, navua glavu, na ndani mtu alikuwa akibonyeza kwa pupa, tatatata, tatatata, bila kupumua, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kabla sijafungua nilishajua kwamba huyo anapigwa. Mtu anayeshinda habonyezi hivyo.

Huyo alikuwa Espoir. Na mimi ndiye niliyemharibu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia njiani.

Tunacheza michezo ya video ya kupigana. Watu wawili mnakaa bega kwa bega mbele ya skrini moja, kila mmoja na mpiganaji wake, mpaka mmoja aanguke. Wengi wanadhani ni kazi ya vidole. Vidole hujifunza haraka, hata mtoto atajifunza. Kinachobaki ni kichwa: ukipigwa mara tatu mfululizo mbele ya watu, wanakucheka, je, bado unafikiri, au unabonyeza tu?

Mimi nilikuwa na kichwa. Nimezaliwa Morogoro, nimekulia Rågsved, na katika ukumbi ule wa wavulana nilikuwa mwanamke pekee, na waliniogopa. Nasema hivi bila kujisifu. Nitajisifia nini sasa?

Espoir alikuwa mdogo wangu kwa miaka kadhaa. Kwao ni Uvira, Kongo. Alifika Sweden na mama yake akiwa bado mtoto. Baba alibaki, akisubiri karatasi ambazo hazikufika. Siku ile alitupa padi, kile kidude cha vifungo, mezani, akasema kwa Kiswahili, akidhani hakuna anayemwelewa, kwamba mchezo huu ni wa mashetani.

Nikamuuliza, kwa Kiswahili vilevile, ni nani amempiga.

Alishtuka, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akamwonyesha mpinzani wake kwa kidevu.

"Yule alikupiga raundi ya kwanza," nikamwambia. "Ya pili umejipiga mwenyewe."

"Basi yaya, nipe hata hizo pointi za kujipiga."

Yaya ni dada mkubwa, ndivyo wanavyoita kwao. Hakuwahi kuniita jina jingine.

Nikamfundisha. Ukiangushwa, toa vidole kwenye vifungo. Shusha mabega. Usiulize kwa nini mimi, uliza amefanya nini. Ameruka? Ataruka tena, kwa sababu mara ya kwanza ilimlipa, msubiri chini. Nilimkalisha nikampiga raundi baada ya raundi, si kwa ajili ya kumshinda, bali mpaka uso wake uache kubadilika. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Hilo nililiona mapema, na nilijifanya linanifurahisha.

Kiswahili kilikuwa chumba chetu. Wengine pale walikuwa Waswidi, Wasomali, Waturuki, Wachile, na hakuna aliyeshika neno. Wakati Espoir anacheza mimi nilisimama nyuma nikimnong'oneza: anaogopa teke la chini, mrudie, anachoka huyo. Kanuni zinakataza kumwelekeza mchezaji mechi ikiendelea. Lakini nani angejua? Walidhani namwombea. Tukazoea hivyo, kusema lolote mbele ya mtu yeyote, kana kwamba mji mzima wa Stockholm ni kiziwi.

Shika hapo. Ndipo ujinga wangu ulipozaliwa.

Jambo moja halikumtoka Espoir. Akianza kushindwa, kuna dakika mikono yake ilikuwa inaganda. Haikuwa hasira, hasira nilishaitibu. Ilikuwa kama mtu ameitwa kutoka chumba kingine.

Jumamosi moja, jikoni pale ukumbini, tukisubiri kahawa ichujike, aliniambia. Zamani, akiwa bado mtoto, alikuwa nyumbani peke yake, anacheza mechi mtandaoni, raundi ya mwisho. Simu ikaita. Namba ya Kongo. Baba alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa akipiga kila mara, na kila mara laini ilikatika baada ya haloo mbili. Espoir akasema moyoni, nitampigia nikimaliza. Akaikata. Akashinda ile mechi. Alipopiga, simu ilipokelewa na mtu mwingine, na nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

Mama yake hajui, akasema. Mama kila mwaka hulia kwamba bwana yake aliondoka duniani bila hata kuwatafuta, na Espoir hukaa pembeni yake, amemshika mkono, kimya.

"Nikishindwa naisikia, yaya. Inaita ndani ya masikio."

Nilimkumbatia. Nilikuwa mkweli siku ile, naapa! Nikamwambia asipigane na ule mlio. Uache uite, tazama miguu ya mpinzani, pumua, utanyamaza wenyewe. Tulifanya mazoezi ya hilo kama tulivyofanya ya mateke. Na ulinyamaza. Akaanza kushinda watu niliokuwa nawashinda mimi, kisha watu ambao mimi sikuwahi kuwaweza.

Hapo nami nikaanza kuugua, ugonjwa ambao hauonekani. Watu waliniuliza habari zake kabla ya zangu. Mvulana mmoja wa Kiswidi, kwa upole kabisa, aliniuliza kama bado nacheza au siku hizi nafundisha tu. Nikatabasamu. Nilirudi Rågsved na treni, nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwa wazi, nikilitafuna neno lile "tu".

Kisha tukakutana fainali. Mashindano ya klabu za Stockholm, ukumbi mkubwa, adhuhuri, viti vimejaa. Anayetangulia kushinda mechi tatu angeenda Malmö kuuwakilisha mji wetu. Kabla ya kukaa alinigonga ngumi, akasema atakayekwenda ni mmoja lakini mkoba atabeba mwingine. Nikacheka naye.

Akanipiga mechi ya kwanza. Akanipiga ya pili. Nilipata ya tatu kwa shida, na katika ya nne alinielekeza kwenye kona na kunifungia humo, polepole, kwa utulivu ambao niliutambua kwa sababu ulikuwa wangu. Pumzi zangu. Mabega yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza kwa pupa! Raundi moja tu na angemaliza.

Katika zile sekunde za kusubiri raundi ianze, sikugeuka. Niliendelea kutazama skrini, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa:

"Pokea simu, Espoir. Baba yako anapiga. Au utamkatia tena?"

Mikono yake ikaganda.

Mpiganaji wake alisimama katikati ya skrini, mikono imekunjwa, anapumua ile pumzi ya kuchorwa, nami nikampiga mpaka akaanguka, raundi ile na iliyofuata. Mechi ya mwisho haikuwa mechi. Watu walipiga kelele, walisema sijawahi kuonekana nimetulia namna ile, kwamba hicho ndicho kichwa cha bingwa.

Nikasimama. Nikageuka ili niwapungie.

Mstari wa pili, nyuma yetu kabisa, alikaa Mama Espoir. Espoir alikuwa amenieleza kwamba mama yuko zamu kwenye nyumba ya wazee na hatakuja. Mama alibadilishana zamu. Alitaka kumshtukiza mwanawe, aone kwa mara ya kwanza huo mchezo unaompeleka kila mahali. Sare ya kazi ilichungulia chini ya koti lake, na mapajani alikuwa na bakuli la maandazi lililofunikwa kitambaa.

Kati ya watu wote wa ukumbi ule, alikuwepo mmoja wa kunielewa, na ni yeye.

"Simu gani?" aliuliza. Hakuniuliza mimi. "Espoir, baba yako alipiga simu gani?"

Espoir alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kofi. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga mguu wako kwenye treni, mtu usiyemjua. Akachukua koti akatoka. Mama akamfuata, bakuli bado mikononi. Nami nikabaki pale napigwa picha.

Usiku huohuo nilimwandikia ujumbe. Unajua niliandika nini? Niliandika kwamba ni mchezo, kila mtu hutania, na yeye atakua. Ndiyo, niliandika hivyo! Aibu ilikuja baadaye, polepole, kama ganzi inavyotoka mguuni. Nilipoandika la kweli, alikuwa ameshanifungia kila mahali.

Espoir alihama kwa mama yake, akahamia Spånga kwa rafiki wa shule. Hachezi tena. Malmö nilienda, nikatolewa mapema na mtu ambaye Espoir angemla, na nilipokuwa naanguka sikuwa na hata sauti moja kichwani, ila kimya.

Na kuna hili linalonitafuna kuliko yote: pale klabuni hakuna anayejua. Hawakuelewa. Waliona mdomo wangu unacheza, basi. Mpaka leo nikiingia wananipisha kiti. Waliniomba niwaeleze vijana jinsi ya kutunza akili wakati wa shinikizo, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nikawaeleza. Ondoa vidole. Shusha mabega. Walinipigia makofi.

Wewe unayesoma, ninalotaka kukuonya nitalisema sasa, maana nikifika mwisho sitakuwa na nguvu. Ukiwa unacheza, unafundisha, una mdogo au rafiki, ukapewa kidonda cha mtu ukitunze, basi siku utakayomwonea wivu jitenge naye. Jitoe kwenye mashindano. Shindwa, shindwa mbele ya watu, wacheke mpaka wachoke. Kushindwa kunapita, nimeshindwa mara nyingi na leo siwezi kukumbuka hata nusu. Ushindi ule mmoja naukumbuka kila sekunde yake. Na usijidanganye kwamba lugha ya mama yako ni pazia. Popote uendapo duniani kuna mtu ameketi nyuma yako.

Mama Espoir alikuja kwangu Jumapili, ametoka kanisani, kitenge kimelowa theluji kwenye pindo. Nilimkaribisha ndani. Hakuvua viatu. Anaishi Stockholm miaka mingi, anajua hakuna nyumba unayoingia na viatu. Alibaki amesimama juu ya kapeti dogo la mlangoni, na maji yakamtiririka miguuni.

"Karibu ukae, Mama Espoir."

"Hapana, mama. Sikukuja kukaa."

Alisema amekuja kunishukuru, na hakuwa anakejeli. Miaka yote alimkasirikia marehemu, kwamba alikufa kama mtu asiye na mke wala mtoto. Sasa anajua kwamba alitafutwa. Yeye alimsamehe mwanawe siku ileile, alikuwa mtoto, angejua nini? Alikwenda Spånga kumwambia hivyo.

"Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alinijibu kwa Kiswidi." Aliliweka neno hilo mbele yangu polepole. "Watoto wa wenzangu wote wanajibu Kiswidi. Mutoto wangu, hapana. Tangu tulifika hapa alikuwa anasema na mimi luga ya baba yake. Wenzangu walikuwa wananionea wivu. Sasa ni ja, ni nej, ni tack, ndiyo, hapana, asante. Kama mimi ni mutu wa ofisi."

Nilianza kulia. Hakunigusa.

"Siku zote alikuwa anaimba sifa zako," akasema. "Yaya amenifundisha kutulia, mama, yaya amenifundisha. Sawa. Sasa ametulia."

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe, leo hii, nitakaa mlangoni kwake mpaka afungue, nitaongea naye.

Alikuwa ameshashika kitasa. Alinitazama bila chuki, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Utasema naye kwa luga gani?"

Mlango ukajifunga nyuma yake.