Gauni, Kuku na Baba Mkwe

Niliolewa siku ile ile mvua za kwanza zilipoangukia Mbozi, na mpaka leo mvua ile sijaisamehe. Tulikuwa tumetoka kanisani Nanyala, tunaelekea kwa wakwe zangu Hasamba kwa miguu, wanawake wakiimba mbele, mdogo wangu wa kike nyuma yangu amelishika pindo la gauni kwa mikono yote miwili. Alilishika kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona nao hata alipobeba mtungi, na alikuwa na sababu. Gauni lilikuwa langu kwa siku hiyo tu. Baada ya mavuno lingekuwa lake.

Miaka ile ya Mwingereza vijana wengi wa kwetu walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, na mjomba wetu alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyelinunua. Mara ya mwisho kutuona tulikuwa watoto, kwa hiyo alitupima kwa kukisia, na inaelekea alidhani tumerefuka kama milingoti. Gauni lilivuka Tunduma limefungwa ndani ya blanketi, kichwani kwa ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani. Hariri nyeupe, lesi shingoni na mikononi, na pindo refu la kuburuza. Salamu za mjomba zilikuwa fupi: gauni moja, mabinti wawili, wakubaliane wenyewe. Tulikubaliana upesi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na pia ndiye niliyekuwa mgomvi.

Mvua ilitukuta katikati ya mashamba, hakuna hata kibanda. Tukatimua mbio. Mimi nilikuwa nacheka, mdogo wangu anacheka, bwana harusi mbele yetu ameshika viatu mkononi, na katika kukimbia huko pindo likamponyoka mdogo wangu. Tuliposimama, gauni lilikuwa jekundu kwa tope mpaka karibu na magoti. Mdogo wangu akalitazama, kicheko kikamkauka.

"Dada," akasema, "hilo ni langu."

Mchumba wake alikuwa ameshawatangazia ndugu zake wote kwamba bibi harusi wake atavaa gauni la hariri kutoka kwenye shaba, na gauni la pili halikuwepo wala lisingepatikana. Mama yetu, alipokuwa akiniaga uwanjani kwa wakwe, badala ya kunipa mawaidha ya ndoa alinivuta sikio. "Nalitaka jeupe kabla ya mavuno," akaninong'oneza. "Ukiliharibu, mdogo wako ataolewa na kaniki, na wewe ndiye utakayemweleza." Hayo ndiyo maneno niliyoingia nayo katika nyumba ya ndoa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Siku hizo mke wa mtoto hakukutana uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani, unaingia kichakani. Akipita uwanjani, unajifunika kanga na kumgeuzia mgongo. Hamsemeshani, hamtazamani, na jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako. Mwinjilisti wetu alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yaachwe, na baba mkwe wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikuwa akiitikia amina kwa sauti kubwa kisha anarudi nyumbani kupitia njia ya nyuma ili asikutane na mimi. Kati ya nyumba yake na jiko la mama mkwe kulikuwa na ua wa matete. Yeye alikaa upande wake kwenye kigoda, mimi nilikaa upande wangu na masufuria. Namna hiyo tuliheshimiana vizuri sana.

Gauni nililiacha likauke kwanza, kisha siku mama mkwe alipokwenda shambani nikaona sasa ndio wasaa. Kufua nilikujua, au nilidhani nakujua. Kwetu nguo nyeupe inalowekwa kwenye maji ya majivu, inapigwa juu ya jiwe mpaka ilie, inakamuliwa na watu wawili, inatupwa juani. Shuka za merikani zilikuwa zinatoka hapo zinang'aa. Kwa hiyo nilichuja maji ya majivu makali, nikayapasha moto, nikajaza karai. Nilikuwa nimeshaliinua gauni niliangushe humo niliposikia mtu akikohoa ng'ambo ya ua.

"Wewe kuku," sauti ikasema. "Maji ya majivu ni ya merikani. Hariri ukiitia humo, utatoa utando wa buibui."

Nikaganda, gauni mkononi. Nikageuka huku na huku. Uwanjani kulikuwa na kuku mmoja tu, jike la madoadoa, anachakura pembeni ya kinu, na yeye hakuonekana kuwa na mpango wa kufua. Ikanijia taratibu kwamba baba mkwe alikuwa anaona mvuke na kunusa majivu kupitia matete, na kwamba asingeweza kunisemesha mimi hata dunia ingekuwa inaungua.

"Kuku," akaendelea, "kwenye pipa lililo chini ya paa kuna maji ya mvua. Hayo ndiyo laini. Yawe vuguvugu tu, ya kumwogeshea mtoto."

Mume wangu alikuwa amewahi kuniambia, kwa kupitia tu, kwamba baba yake alikuwa dobi wa Wazungu wa migodini kabla hajarudi kulima kahawa. Nilikuwa nimelisahau. Sasa likanirudia, na moyo ukaanza kwenda mbio kwa furaha. Lakini tope lile lilikuwa linanitisha, naye alikuwa amenyamaza. Mimi si mtu wa kungoja. Nikapiga moyo konde, nikamgeukia kuku.

"Kuku," nikasema, "na tope hili linatokaje?"

Nikaona nimeshaharibu, mzee atainuka, ataita ndugu, nitarudishwa Nanyala na gauni chafu juu. Nikasikia kigoda kinalia kidogo, kisha kikohozi.

"Kuku asilowanishe tope kabla hajalipukuta," akasema. "Limekauka, alisugue kwa kitambaa laini, vumbi lianguke. Lililobaki ndilo la sabuni. Panono, panono."

Hilo ni neno la Kibemba alilorudi nalo kutoka kazini, maana yake kidogo kidogo, na nadhani katika wiki zilizofuata nililisikia kuliko jina langu.

Basi tukafua, sisi watatu. Niliparuza mche wa sabuni kwa kisu, nikaukoroga katika maji ya mvua mpaka povu likapanda, nikalitumbukiza gauni. Sikupiga, sikusugua. Nililibonyeza na kuliachia, kulibonyeza na kuliachia, na maji yakageuka rangi ya tofali. Nilipotaka kulikamua kwa mazoea, ng'ambo kukasikika "Kuku!" kwa ukali hivi kwamba kuku mwenyewe aliruka. Halikamuliwi. Linaviringishwa ndani ya shuka kavu, linakandamizwa kwa viganja, shuka linakunywa maji. Maji ya mwisho yalitiwa limau kidogo, sabuni isibaki ndani ya nyuzi. Kisha kwenye kivuli, ndani nje, juu ya shuka lililotandazwa kwenye kichanja cha kahawa, maana lesi ikining'inizwa ina maji inarefuka na hairudi tena. Kichanja nilikiosha kwa karibu asubuhi nzima kwa sababu kuku aliambiwa kwamba utomvu wa kahawa hauna msamaha.

Lilipokuwa bado na unyevu kidogo nikalipiga pasi ya mkaa upande wa ndani, kitambaa katikati, pasi imepoa kiasi kwamba niliweza kuigusa kwa kidole. Nilipoligeuza nilikaa chini. Lilikuwa jeupe. Nilitaka kupiga vigelegele lakini nikajikaza kisabuni, nikamwambia kuku asante. Ng'ambo nilimsikia mzee anaimba kwa puani wimbo wa kanisani, na anaimba vibaya.

Mama mkwe aliporudi akalisifu, kisha akalichukua kulipeleka mahali pake. Alikuwa anakwenda nalo jikoni, kwenye dari juu ya mafiga, ambako kila nyumba ya Mbozi inatundika mbegu ya mahindi ili moshi uwafukuze wadudu. Kwake yeye kuhifadhi kulikuwa na maana hiyo moja. Ameshapanda kigoda, mkono uko juu, mimi nimeduwaa kwa kuwa mama mkwe naye huwezi kumkataza.

"Mama," sauti ya mumewe ikaja kupitia matete, safari hii kwa mtu halisi, "hiyo mbegu unataka kuipanda lini?"

Mama mkwe akashuka. Akatutazama, ua kwanza, kisha mimi, kisha kuku. Jioni ile alipokuwa akipakua ugali nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Gauni likaenda kwenye sanduku la bati la mume wangu, lakini si hivi hivi. Ndani lilitandikwa merikani lililofuliwa mpaka wanga wote ukatoka, kwa kuwa wanga ndio chakula cha mende. Kwenye kila kunjo niliweka kitambaa kilichoviringishwa, hariri isishike mstari ikakatika. Hakuna gazeti, wino unahama. Hakuna majani ya dawa, yanaacha rangi. Kisha ikaja masika, na masika ya kwetu hayana utani: ukungu unaingia chumbani asubuhi, viatu vinaota kuvu chini ya kitanda. Nilikuwa naamka nikinusa sanduku. Kila jua lilipochomoza kidogo, kabla sijamaliza kufagia, nilisikia kuku akiulizwa kama ameshaona hewa ilivyo kavu leo. Nilikuwa nalitoa, nalitandaza kivulini, nalikunja upya mahali pengine, nalirudisha. Nilikuwa mjamzito kipindi hicho, mwenye hasira za karibu, na ulikuwa ndio wakati pekee wa siku ambao hakuna aliyenikera.

Siku moja wageni wa Kamsamba walifika na mchele, na mama mkwe akamkimbilia kuku wa madoadoa awachinjie. "Huyo hapana," nikasema kutoka jikoni, na papo hapo ng'ambo ya ua nayo ikasema, "Huyo hapana." Wageni walikula maharage.

Mavuno yakaisha, upepo wa kipupwe ukaanza. Nililipeleka gauni Nanyala mwenyewe, mtoto tumboni, sanduku kichwani, na sikuruhusu mtu yeyote anisaidie. Mdogo wangu alikuwa ananingoja barabarani. Alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima, mama aliniambia baadaye, na alikuwa ameshamwomba shangazi kaniki mpya kwa siri, endapo gauni lingekuwa limeharibika. Hakunisalimu. Alilishusha sanduku, akalifungua pale pale pembeni ya njia, akaligeuza pindo, akatafuta wekundu. Alitafuta sana. Kisha akakaa juu ya majani makavu na kulia kwa sauti, na mimi, mgomvi wa ukoo, nikakaa naye nikalia pia, watu wakipita na kutuuliza nani amekufa.

Harusi ilikuwa ya jua. Wakwe zangu walialikwa, kwa hiyo baba mkwe alikuwepo, na mimi nilisimama nyuma ya mama mkwe nimejitanda kanga mpaka puani. Mdogo wangu akatoka kanisani. Sijui niseme nini kuhusu alivyokuwa. Pindo lilikuwa likiburuza juu ya mikeka iliyotandikwa mpaka barabarani, na wanawake waliacha kuimba kidogo, wakavuta pumzi, wakaanza tena kwa nguvu zaidi. Wazee wakapita kumpa mkono bibi harusi. Zamu ya baba mkwe ilipofika hakumpa mkono. Aliinama, akaokota pindo, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, panono, panono. Mdogo wangu akawa ameshika maua kama mtu aliyeshikwa na askari.

"Limefuliwa vizuri sana hili," akasema mzee.

"Ni dada yangu aliyelifua, baba," mdogo wangu akajibu kwa woga. "Yule aliyeolewa kwako."

Kwetu mwanamke wa namna yangu angeitwa mke wa fulani, basi, si mtoto wa nyumba. Baba mkwe akaliachia pindo likashuka taratibu.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na kanisa zima. "Mwanangu huyo."

Mama mkwe akapapasa nyuma yake kunivutia kanga, akashika hewa. Nilikuwa nimeshatoka mgongoni mwake, nimesimama uwanjani uso wazi, namtazama baba mkwe wangu machoni, naye hakugeuka.