Shamba Lenye Tumbo Tupu

Nimelala katika miji mingi, mwanangu, na bado siku moja ya ujana wangu hunifuata kila ninapofungua mzigo ugenini: siku ambayo shangazi yangu Namsifu alikataa kupokea shamba lake mwenyewe. Nchi ilikuwa mikononi mwa Mwingereza. Nikiikumbuka siku hiyo mwili hunisisimka hata sasa, na kichwani nimeanza kuota mvi.

Shamba lile lilikuwa kwenye mteremko chini ya kijiji cha Vudee milimani, mahali ambapo ukisimama unaiona Same imelala tambarare katika vumbi lake. Chini ya udongo ulipatikana ulanga, jiwe lile linalobanduka tabaka kwa tabaka na kung'aa kama kioo. Mzungu mmoja akaliazima shamba kwa shangazi. Tukachimba mashimo marefu ya kushuka kwa ngazi, na huko chini mahandaki yaliyoshikiliwa na magogo. Mimi nilikuwa mpandisha mawe. Nilikuwa nimetoka shule, nikijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Mapatano yalifanywa mbele ya wazee. Ulanga ukiisha, kila handaki lijazwe mawe kuanzia ndani kabisa hadi mdomoni. Kisha udongo mweusi wa juu, uliowekwa kando tangu siku ya kwanza, urudishwe, shangazi apande mahindi yake. Alikuwa mjane asiye na shamba jingine. Tangu tuanze kuchimba, watoto wake walikula kwa majirani, leo hapa, kesho pale.

Ulanga ulipokwisha, Mzungu alikwenda pwani, akamwachia kazi ya kujaza msimamizi wake, Zefania, mtu wa maneno matamu. Sisi tulijaza mashimo ya upande mmoja. Yeye na kundi lake wakachukua upande wa pili, wakamaliza mapema mno, sisi bado tunabeba mawe. Tulimsifu. Nani humshangaa mtu hodari?

Siku ya kurudisha, watu walijaa kama kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kusafisha mifereji. Udongo ulikuwa umesawazishwa, mweusi, unapendeza macho. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini siku ile nani aliwakumbuka wahenga?

"Mama, shamba lako hilo," Zefania alisema. "Pokea, watu waende zao."

"Ahsante, baba. Ila kwetu, anayerudisha shamba la kuazima hulima mstari wa kwanza yeye mwenyewe, mwenye shamba akitazama. Jembe hili hapa."

Watu wakacheka. "Lima, bwana mkubwa!" mmoja akapaza sauti. "Mikono hiyo imezoea filimbi ya kutuita kazini tu!"

Zefania akacheka nao. Akasema mgongo unamuuma. Kisha akasema hayo ni mambo ya kizamani, Mkristo hapaswi kuyafuata.

"Kulima kumekuwa dhambi tangu lini?" shangazi akauliza. "Basi usilime. Nenda tu ukasimame pale katikati, nikuone."

Hakwenda.

Nami, mwanangu, niliona haya. Niliona shangazi ananiaibisha mbele ya mkubwa wangu wa kazi. "Shangazi, unawachelewesha watu," nikasema. "Ardhi ni ardhi. Nitalima mimi." Nikachukua jembe, nikaanza kwenda. Alinidaka shati kwa nyuma, likachanika hadi kiunoni.

"Wewe ndiye uliyeazima?" Hakupandisha sauti. "Unamdhamini mtu ambaye miguu yake mwenyewe inamkatalia?"

Akawaomba wanaume wawili waliokuwa juu ya mteremko wasukume jiwe kubwa. Jiwe likabingirika, likafika katikati ya udongo ule mzuri, likatulia. Mtu mmoja akaanza kucheka tena. Ndipo ardhi ikazama, polepole, kama utando wa uji unavyozama ukiugusa kwa kijiko. Jiwe likapotea. Tukasikia magogo yakivunjika, kisha kimya, kisha, mbali sana chini, maji.

Niliutazama mguu wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Shimo zima la kushukia lilikuwa limezibwa mdomoni kwa magogo na matawi, udongo ukatandazwa juu.

Zefania alikuwa ameketi chini. "Nilidhani mvua zingeshindilia," alisema.

"Funika kombe mwanaharamu apite," shangazi akamjibu. "Na watoto wangu ndio wangepita."

Mzungu aliitwa, na kazi ikaanza upya kutoka chini, Zefania naye akibeba mawe pamoja nasi. Mvua za mwaka ule zilikuja zikaisha, shamba halijapandwa. Nilimwona shangazi akiwatazama majirani wakipalilia mahindi yao, nikamwuliza kama hajuti. Akasema, "Njaa naijua inapoanzia na inapoishia. Shimo lile ningelijua lini? Siku ya kumzika nani?" Watoto walikula tena kwa watu mwaka mzima, na wote walikua.

Basi, mwanangu, ukiazima cha mtu, kirudishe kikiwa katika hali ambayo wewe mwenyewe uko tayari kuwa wa kwanza kukikanyaga. Na kabla hujamdhamini mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa, mtazame miguu, maana ulimi hutembea popote. Nimehama-hama sana, nimefanya kazi kwa mabwana wengi, na kila mahali nimekuta mtu anayetandaza udongo mzuri juu ya shimo. Asiyekubali kusimama pale, usisimame badala yake.

Mungu akupe ardhi inayokubeba, akupe na watu wa kukuvuta shati. Na kila utakapopita, pabaki mahali ambapo mtoto wa mwenzako anaweza kukimbia bila kutazama chini. Amina.