Mwenye Magamba Hukaa Kwenye Dungu

Kwetu Mchombe, mwenye magamba kwenye viwiko hagusi kazi ya mpunga. Tuliamini kwamba vumbi la mabua ndilo linaloleta ugonjwa ule, kwa hiyo wenzake wakiingia kuvuna, yeye hupewa dungu, kibanda cha juu ya miti, akae afukuze ndege. Baba alikaa huko misimu yote ya utoto wangu, na mama akimpelekea sigara na samaki wa chumvi. Siku moja alishuka ngazi, akashika kifua, akaketi chini. Hakuinuka tena. Tukasema ni jua.

Viwiko vyake nami nilivirithi, ila nilishahama Mchombe. Mwaka huu vilipasuka hadi vikatoa damu, nikaenda hospitali Ifakara kutafuta dawa ya kupaka. Daktari, binti mdogo tu, alivitazama kidogo, kisha akanifunga kipimo cha presha. Mimi sina subira.

“Daktari, nimekuja kwa ajili ya ngozi.”

“Najua, mama. Baba yako alifariki kwa ugonjwa gani?”

Nikamsimulia dungu, vumbi la mpunga na siku ile ya ngazi. Akanieleza taratibu kwamba mpunga hauleti ugonjwa huu, na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Unaanzia ndani ya mwili, na mara nyingi mtu mwenye ngozi hii ana hatari zaidi ya presha na moyo, hasa akivuta sigara na kukaa bila kujishughulisha. Presha yangu ilikuwa nzuri. Akauliza nani mwingine nyumbani ana magamba.

Ni kaka yangu. Ndiye mwenye dungu siku hizi.

Jioni hiyohiyo nilikuwa Mchombe. Kaka ni mbishi tangu tumboni.

“Shikamoo kaka. Kesho twende ukapime presha.”

“Marahaba. Ninaumwa viwiko, wewe unataka kunipima kifua?”

Akacheka hadi akakohoa. Nikaona anahema, naye alikuwa amekaa tu. Niliogopa, na woga ukanifanya niseme kwa ukali yote niliyoambiwa: sigara, chumvi, kukaa kutwa nzima. Nilisahau kabisa kwamba mama yuko pale anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

“Kwa hiyo baba yenu nilimkalisha mimi,” alisema.

“Hatukujua, mama.”

 Kaka aliizima sigara yake chini. Asubuhi alikuwa wa kwanza kusimama barabarani kusubiri gari.

Presha yake ilikuwa juu sana. Alipewa vidonge, akaambiwa aache sigara na apunguze chumvi, na baada ya wiki kadhaa za kupimwa daktari akamruhusu kazi, aanze polepole. Siku aliyoingia shambani, mama mwenyewe ndiye aliyempa mundu. Kisha akaniita nimshike mkono, maana magoti yake yamechoka, akapanda ngazi moja moja mpaka juu ya dungu.

“Nendeni mkavune,” alisema. “Hapa nitakaa mimi.”