Kijito Kinakoelekea

Juzi nilikuwa ofisi ya kata, Nyamahanga, nikisubiri mhuri. Pembeni yangu mtaalamu wa bonde la mto alitandaza ramani mezani. Alikuwa amewaita watu wanaotumia kijito kimoja wapange pamoja matumizi yake: mama mtu mzima anayelima nyanya huko juu, na mfugaji wa Kisukuma anayekaa chini. Hawakuwa wamewahi kuonana.

"Shikamoo, mama," alisema mfugaji.

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Wawili wamekufa kwa kiu. Kijito kimekauka. Tunasema labda tumemkosea Mungu."

Mtaalamu aliweka kidole kwenye shamba la mama, akakishusha taratibu kwenye mstari wa buluu mpaka malishoni kwa mfugaji. Mama akaufuata mstari ule kwa kidole chake mwenyewe. Akarudia tena. Kisha akavua kitambaa kichwani.

"Mwanangu, si Mungu. Ni mimi. Nimekiziba kwa viroba vya mchanga ili nimwagilie. Sikujua kama kuna mtu huko chini."

Mfugaji alirudisha kidole kwenye shamba la mama. "Nyanya nazo zikifa utakula nini?" aliuliza. "Tugawane siku, mama."

Wakagawana. Viroba vitatolewa siku nne kila wiki, na kesho yake mfugaji angepanda kusaidia kuvitoa.

Mimi nimeteka maji mtoni miaka yote bila kuuliza yamepita kwa nani kabla ya kunifikia. Jumapili napanda kilima nikamsalimie huyo anayeyatumia kabla yangu.