Vitunguu vya Maua Kwenye Friji ya Mama

Sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia Garhoud, Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kitu, msituhadithie habari za baridi. Baridi ilikaa kwenye friji ya mama yangu, droo ya chini, na ole wake aliyeigusa.

Mwaka mmoja mwenye nyumba, tuliyemwita arbab, alikuja kututangazia kuwa kibustani cha mbele ya mlango atakipiga vigae apate pa kuegesha gari. Mama alikihangaikia tangu tuhamie, na kila joto likija lilimuunguzia kila kitu.

"Mchanga mtupu huu," arbab alisema. "Kabla ya joto naleta mafundi, khalas."

"Walete," Mama akamjibu. "Utakuta maua, inshallah."

"Nikiyakuta, nakuachia bustani yako."

Basi Mama akanunua vitunguu vya tulipu, vya maua si vya kupikia. Hivyo havitoi ua bila kukaa kwenye baridi wiki nyingi, na baridi ya Dubai ni ya kuvalia sweta kwa maringo tu. Vikaingia friji. Muuza miche alimwonya asivichanganye na matunda, maana hewa ya matunda huliua ua likiwa bado changa ndani. Jamani! Tulikula tufaha za vuguvugu, ndizi zikatuozea mezani. Hata maji tulikunywa ya bomba, maana friji haikufunguliwa ovyo. Ukiusogelea mlango tu, Mama anakukemea, "Acha! Humo wamelala watu."

Kumbe Baba kaficha tufaha zake nyuma ya mfuko wa vitunguu! Mama alipozikuta alizitoa zote, akampangia mezani mbele yake. Siku ya kupanda, mzee mzima alishika jembe bila kuambiwa, akachimba bustani nzima peke yake, sisi nyuma yake tukifukia.

Joto lilipokaribia, miche mingi ilikuwa majani matupu. Arbab akafika na mafundi, vigae vimejaa pikapu. Nikamshika Mama kanga. Lakini pale penye kivuli cha ukuta yalisimama maua mekundu, yamefunguka asubuhi ileile. Arbab akachuchumaa, akayagusa.

"Yameota hapa? Dubai?"

"Hapa hapa," alisema Mama, mikono kiunoni.

Arbab akacheka sana, akawageukia mafundi. "Yalla, rudisheni vigae."

Siku hizi naishi ghorofani Jumeirah Lake Towers, bustani yangu ni vyungu vya barazani. Binti yangu anabonyeza simu, maua yanafika chai haijapoa. Mazuri, sikatai, ila hajawahi kuyasubiri, na nikimtazama namwonea huruma kidogo.

Juzi alifungua friji akapiga kelele, "Mama, tufaha zangu ziko wapi?"

"Mezani," nikamwambia. "Na funga mlango. Humo wamelala watu."