Asubuhi Niliyokabidhiwa Pamoja na Wagonjwa

Iko asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Marehemu mume wangu alilijua hilo, akawa ananitania nalo. Ulikuwa msimu wa upepo, vumbi la Dodoma mpaka kwenye meno, nami nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya wanawake. Wewe juzi umepangiwa kazi hiyohiyo, ndiyo maana nakusimulia.

Kukabidhiana zamu unakujua. Anayetoka na anayeingia mnapita kitanda kwa kitanda, na kila mgonjwa anasemwa: amelala au hakulala, amekula, ameoga, anazungumza na wenzake au amejitenga. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mgonjwa akianza tu kusukuma sahani, nishamwona.

Wakati huo nilipanga chumba Chang'ombe. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa kitandani na sare yangu mwilini mpaka giza linaingia. Sipiki. Mama mwenye nyumba akiniletea ugali na mlenda, namshukuru, halafu nawamwagia kuku wake. Nyumbani Chemba sikwenda tena, hata sikukuu ya Idi nilisingizia kazi. Nilikuwa naomba zamu za wenzangu, nao wakanisifu kwamba najituma. Wapi! Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, kwa sababu nikibaki peke yangu nilikuwa naona heri kesho nisiamke.

Usiniulize ilianza lini. Labda ni yule mama wa Kongwa niliyemuuguza mpaka akapata nafuu, akaenda zake anacheka, kisha nduguze wakamrudisha amefungwa kamba kwa kuwa walimwachisha dawa. Labda ni wengi kama yeye. Kumwambia mtu sikuweza. Mtaani walituita manesi wa vichaa, wakasema iko siku watatuambukiza. Ningeanzia wapi?

Mkuu wa wodi yetu alikuwa Mama Ndahani, Mgogo mrefu, mkali wa usafi, asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa natoka, Sista Agnes anaingia, naye Mama Ndahani amesimama anasikiliza. Nilipomaliza kitanda cha mwisho, akasema, "Bado mmoja." Akanigeukia, akaendelea kwa sauti ileile ya kila siku.

"Mwajuma. Hagusi chakula, amekonda. Halali. Hacheki tena. Amejitenga na wenzake, na nyumbani haendi. Sista Agnes, umwangalie kwa karibu."

Leo wangesema si utaratibu kumsema mtu mbele ya mwenzake, na pengine ni kweli. Mimi nilikasirika.

"Mama, mimi si mgonjwa."

"Jana umekula nini?"

Niligeuka nikaanza kunyoosha shuka la kitanda cha mwisho.

"Basi nipe funguo za kabati la dawa."

Mwanangu, unajua kwa nini kuna vitu tunamwondolea mgonjwa, asije akajidhuru. Nami nilijua. Nilimpa funguo, nikaangua kilio palepale, wagonjwa wananitazama. Niliona aibu. Niliona nafuu pia, maana kumbe kuna mtu alikuwa ananiangalia siku zote hizo.

Hakunihubiria. Alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa upande mwingine wa mji, ili nisisemwe, na njiani akanikumbusha tu nifute uso. Daktari aliniambia ni sonona, neno nililokuwa nikilitaja kila siku juu ya watu wengine. Nikapewa mapumziko na dawa, nikawa nakwenda kuzungumza naye. Nilipona kwa kusuasua. Baadaye sana, nikiwa na watoto, ilinirudia, na safari hiyo nikaenda kusema mwenyewe. Kazi nimeifanya mpaka kustaafu.

Sasa sikiliza ninalokutaka. Yale unayomwuliza mgonjwa kila asubuhi, jiulize na wewe. Ukiona majibu si mazuri, mtafute mtu umwambie kabla hujazoea, wala usimsubiri Mama Ndahani, maana si kila wodi inaye. Mwenzako anayeomba zamu za watu kila wiki usimsifu, mkalie karibu umwulize kulikoni. Na likikujia wazo la kutoamka, usingoje hata zamu iishe: mwambie aliye karibu, mwende kwa daktari siku hiyohiyo. Watakuita nesi wa vichaa, waache waite. Mimi wananiita hivyo mpaka leo sokoni, na nyanya wananiuzia.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde wewe na hao utakaowalinda, akujalie mwenzako wa kukuona, na siku akikuuliza umelalaje, akupe moyo wa kumjibu kweli.