Mpaka Uliokuwa Kijito

Mzee Bigirimana, jirani yetu wa mlimani. Mama Zaituni, aliyekuwa amepanda kutoka mjini Rumonge kununua mawese. Bwana Ferdinand, afisa wa misitu aliyetoka Bujumbura. Wadogo zangu wawili, Dezire na Esperansi. Na mimi, wa sita. Nayataja majina haya kwanza kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Kwetu, juu ya mlima wa Kizuka, shamba halikuwa na karatasi. Karatasi yake ilikuwa watu waliokuwepo siku lilipotolewa, na mtu akishindwa kuwataja, alihesabiwa kuwa hana shamba. Mpaka leo, nikisikia harufu ya mawese yanayochemka kwenye pipa, majina hayo hunijia kwa mpangilio uleule, kwa sababu pipa letu lilikuwa motoni asubuhi ile na moshi wake ulikuwa ukituwasha macho sote.

Vita vilikuwa vimeshaingia nchini, ila mlimani kwetu tulivisikia kwa mbali tu. Baba aliuawa barabarani karibu na Gitaza alipokuwa akirudi na magunia ya ndagala, yaani dagaa, wakavu. Mama alimfuata kwa homa kabla ya mvua zilizofuata. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, si kwa kufukuzwa. Nilichomeka madaftari yangu kwenye nyasi za paa nikachukua jembe, kwa kuwa wadogo zangu walitaka kula kila siku na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Shamba aliloliacha mama lilikuwa la mihogo na michikichi minne, ukingoni mwa msitu. Hatukuwa na lingine. Usiku tulisikia sokwe wakiitana, na mara nyingine asubuhi tulikuta mihogo imeng'olewa na maganda yametupwa kwa dharau, kama wageni walioalikwa wasione chakula kizuri.

Bwana Ferdinand alitandaza ramani yake chini na kuizuia pembe nne kwa mikungu ya chikichi. Alizungumza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo milima mingi. Alisema joto linazidi kila mwaka, miti ya chini inakauka, na joto hilo linapanda mlima. Mnyama hangojei kuchomwa. Atapanda kufuata ubaridi. Msitu wa chini na msitu wa kileleni ilikuwa imetenganishwa na mashamba, kwa hiyo ulihitajika ukanda wa miti wa kuiunganisha, wanyama wapate pa kupitia miaka ijayo. Alivuta mstari kwa kalamu nyekundu. Mstari ulipita katikati ya shamba la mama.

Mama Zaituni aliinama akatazama ramani, kisha akajifunga kanga upya. "Kumbe sokwe iko na dosiye yake Bujumbura," alisema, maana yake faili la ofisini. "Na hawa watoto, dosiye yao iko wapi?"

Bwana Ferdinand hakucheka. Alijibu kwamba kila atakayetoa shamba atapewa lingine na Leta, yaani serikali, vita vikitulia. Nilimwuliza habari ya mihogo iliyokuwa ardhini. Akasema tutavuna, halafu tutaacha. Sikumchukia. Nilimwona anaamini anachokisema, na hata sasa nadhani alisema kweli kuhusu joto. Lakini nilitazama mkono wa Esperansi ulioshika sketi yangu, nikawa nahesabu kichwani mihogo itatufikisha mwezi gani, na kila nilipohesabu niliishia palepale.

Ndipo Mzee Bigirimana aliposema neno ninalolibeba mpaka leo. Alikuwa na shamba dogo chini kabisa, linalogusa mchanga wa ziwa. "Huyu mutoto atalima kwangu kule chini," alimwambia afisa. "Leta ikimupa lake, atanirudishia langu." Kisha akanigeukia. "Na siku hiyo, Odeta, pombe utaleta weye."

Maana kwa desturi, anayepokea ardhi ndiye anayeleta pombe, na wote waliopo wanainywa ili wawe mashahidi. Mimi sikuwa na hata ndizi za kukamua. Mzee akatoa ardhi, akatoa na pombe. Kibuyu kilizunguka, wote kwa mrija mmoja; Mama Zaituni, aliye Mwislamu, na sisi watoto tukapewa mutobe, maji matamu ya ndizi yasiyochacha, katika kibuyu kingine. Bwana Ferdinand alitaka mpaka wa ukanda uwekwe mawe ya kupakwa rangi nyeupe. Mzee akakataa. Alisema mawe yanahama, wakati wa vita watu wanayabeba kuyafanya mafiga. Mpaka uwe kijito kilichopita kando ya shamba letu, kwani kijito hakuna awezaye kukibeba. Wote wakakubali. Nami nilikubali, maana toka nizaliwe sikuwahi kukiona kikikauka.

Mwaka uliofuata vita vilitufikia. Mzee alivuka ziwa kwenda Tanzania na mkewe na binti yake. Bwana Ferdinand hatukumwona tena. Barabara ya Bujumbura ilikuwa ya mitego, na sijui kama alifika kwao. Mama Zaituni alifia Rumonge. Mimi na wadogo zangu tulikaa kambini, tukarudi kulima kwa Mzee kule chini, na lile shamba ndilo lililotulea. Siku moja nilipanda kutazama ukanda. Kijito hakikuwepo. Mawe yake yalikuwa makavu na vumbi limelala juu yake, na ng'ambo yake watu nisiowajua walikuwa wakikata miti ya kuchoma makaa. Niliwaambia mpaka wa msitu ni hapa, kwenye kijito. Mmoja aliweka shoka begani akaniuliza kijito gani. Nikataja majina sita. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaniuliza kama yupo hata mmoja anayeweza kuja. Jioni ile nilishuka na gunia la makaa yao kichwani, nao wakanipa unga. Dezire alikuwa na njaa.

Sasa mimi ni mtu mzima. Juzi walikuja vijana wa mradi wenye mashine ndogo za mkononi, wanapanga upya ukanda wa wanyama mlimani, kwa sababu ya joto. Walinionyesha mstari kwenye kioo. Ni uleule, unapita shamba lilelile la mama, sasa la visiki. Ardhi ya Leta haikuja kamwe; safari hii hawakuahidi nyingine, wala sikuuliza.

Huku chini, ziwa limepanda. Mvua za miaka hii zimelisukuma mpaka likameza mchanga, likameza nyumba za watu, na mwaka jana likamaliza shamba la Mzee Bigirimana. Maji tuliyoyategemea juu yaliondoka, na tusiyoyaita yakaja chini. Wiki chache baadaye Konsolata, binti wa Mzee, alirudi kutoka Tanzania. Baba yake alimfia ukimbizini, lakini alikuwa amemfundisha majina, naye aliyataja yote sita mlangoni kwangu, kwa mpangilio wake, bila kukosea. Kisha akauliza, "Dada, shamba la baba iko wapi?"

Nilimpeleka hadi ufukweni nikamwonyesha mchikichi mkavu uliosimama ndani ya maji, mbali kidogo, na ndege wawili juu yake. Hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Amepanga chumba Rumonge. Tukikutana sokoni hunisalimu amahoro, yaani amani, akapita. Ndizi naweza kuzinunua siku hizi, na pombe naweza kuikamua hata kesho. Ardhi ya kumrudishia ndiyo sina.